Mshumaa wa Madhabahuni

Mpagani wa Uingereza akimaliza ibada yake hapulizi mshumaa. Huchukua kikofia kidogo cha shaba chenye mpini mrefu, hukishusha taratibu juu ya mwali mpaka ukose hewa, na hukiacha hapo kidogo kabla ya kukiinua. Asiye na kikofia hulowesha vidole kwa ulimi akaubana utambi. Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwamba pumzi ni hewa na mwali ni moto, na kuupiga moto kwa hewa ni kuvivunjia heshima vyote viwili. Wengine watasema kupuliza ni kuitawanya nia iliyokusanywa kwa saa nzima. Nenda sasa kwa fundi wa mishumaa asiyejali miungu ya mtu yeyote. Naye atakukataza. Atakwambia pumzi hurusha nta ya moto mezani, huulaza utambi ndani ya nta, na huacha kaa linalofuka moshi mweupe wenye harufu isiyotoka chumbani upesi.

Katazo ni lile lile, na kila mmoja ana hoja yake ya kulitetea. Nimeanza nalo kwa sababu ndilo linaloonyesha ninachokipenda katika kazi hii: sheria za madhabahuni na sheria za karakanani hukutana mara nyingi kuliko vitabu vinavyokiri. Vitabu vingi vya uganga wa mishumaa hufungua kwa orodha ya rangi na kufunga kwa dua ya pesa. Katikati, pale ambapo msomaji angeelezwa nta inayeyuka kwa joto gani na utambi upi unafaa unene upi, hamna kitu. Kwetu Afrika Mashariki mshumaa ni kitu cha kukimbilia dukani kwa Mangi umeme unapokatika, kwa hiyo ni rahisi kuudhania kuwa hauna siri. Unazo.

Wapagani ninaowazungumzia ni watu wa leo, wenye kazi za ofisini na watoto wa shule. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta Sheria ya Uchawi iliyokuwepo tangu 1735, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, afisa mstaafu wa forodha aliyetumikia Malaya kwa miaka mingi, akachapisha kitabu chake Witchcraft Today na kuitangaza dini ambayo sasa inaitwa Wika. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa Wapagani, na wengine kama 13,000 wakajiandikisha kuwa Wawika. Hawana hekalu kuu wala kitabu kimoja kitakatifu. Ibada hufanyika sebuleni, bustanini au msituni, na mahali popote itakapofanyika utakuta mishumaa: miwili juu ya madhabahu kwa ajili ya mungu wa kike na mungu wa kiume, na minne pembeni, kila mmoja kwa upande wake wa dunia. Mpangilio ulioenea zaidi huweka njano mashariki kwa hewa, nyekundu kusini kwa moto, buluu magharibi kwa maji, na kijani kaskazini kwa ardhi.

Wengine wao hupenda kusema kwamba mambo haya ni ya kale kupindukia. Historia yenyewe ina kona nyingi. Wapagani wa Roma waliwasha zaidi taa za mafuta mbele ya miungu yao, ingawa walipeana mishumaa ya nta kama zawadi katika sikukuu ya Saturnalia kila Desemba. Mwaka 392 mfalme Theodosius alitoa amri ya kupiga marufuku ibada zao hata za nyumbani, na miongoni mwa makosa aliyoyataja lilikuwamo la kuwasha taa na kufukiza ubani kwa ajili ya miungu ya kaya. Muda si mrefu, kasisi mmoja aitwaye Vigilantius alilalamika kwamba Wakristo wenzake wanawasha mishumaa mchana kweupe kwenye makaburi ya mashahidi wa dini, jambo alilosema ni la kipagani. Jerome, mwanazuoni wa Kanisa, akamjibu kwa ukali mwaka 406, na mishumaa ikabaki. Ikakaa kanisani karne nyingi. Ilipotoka tena kwenda kwenye uganga wa kisasa, ilipitia njia ambayo wengi huisahau: kwa Waamerika Weusi. Zora Neale Hurston aliandika juu ya waganga wa New Orleans na mishumaa yao katika utafiti uliochapishwa mwaka 1931, na mwaka 1942 kikatoka kitabu The Master Book of Candle Burning kilichoandikwa na mtu aliyejiita Henri Gamache. Raymond Buckland, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuwa miongoni mwa waliopeleka Wika huko, alitoa kitabu chake cha mishumaa mwaka 1970, kila ibada ikiwa na namna mbili, moja ya Kikristo na moja ya dini ya kale. Kwa hiyo Mpagani wa Leeds anayewasha mshumaa wa kijani ili apate kazi ana deni kubwa kwa watu Weusi wa Marekani, pengine kubwa kuliko alilonalo kwa kuhani yeyote wa Roma.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi, maana zimeshasemwa mno. Mishumaa ya kila rangi kwa bei ya kila mtu ilikuja baada ya parafini ya karne ya 19 na rangi za viwandani zilizofuata ugunduzi wa kijana William Perkin mwaka 1856. Kabla ya hapo mtu wa kawaida alikuwa na shahamu ya ng'ombe au kondoo, inayonuka, na mwenye uwezo alikuwa na nta ya nyuki, ya njano kama ilivyotoka mzingani au nyeupe baada ya kukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Orodha inayokuambia kwamba rangi ya waridi ni ya mapenzi na ya chungwa ni ya biashara haina umri wa kutisha. Sina ugomvi na anayeitumia. Ila ukitaka kumjua fundi, usimwangalie anachagua rangi gani. Mwangalie anavyochovya.

Kuchovya huanzia kwa nyuki. Nyuki kibarua hutoa nta katika tezi zilizo chini ya tumbo lake, vigamba vyembamba vinavyopita mwanga, na wafugaji hukadiria kwamba kilo moja ya nta humgharimu mzinga kiasi cha kilo 6 hadi 8 za asali. Ndiyo maana nta haikuwa kitu cha kuchezea, na ndiyo maana Wapagani wengi wakongwe huitaka hiyo na kuikataa parafini, ambayo ni zao la petroli. Sehemu ya nta hiyo inatoka kwetu. Tanzania ni kati ya wazalishaji wakubwa wa nta ya nyuki barani Afrika, na kwa miaka mingi nta ya miombo ya Tabora na majirani zake imekuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya. Hupendwa kwa sababu nyuki wa miombo wanaishi katika mizinga ya magogo na magome bila kuwekewa dawa za viwandani za kuua utitiri, kwa hiyo nta yao haina mabaki ya dawa. Mrina asali wa Sikonge huchemsha masega, huyakamua kwenye kitambaa, na kuacha nta igande juu ya maji. Huenda asijue kamwe kwamba tonge lake lingine litamulika duara la watu waliovaa majoho katika kilima cha Somerset. Nalo duara hilo halijui lolote juu yake.

Fundi huweka nta katika chombo kirefu chembamba, kirefu kuliko mshumaa anaoutaka, na chombo hicho hukaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta haiwekwi motoni moja kwa moja. Ikipata joto kupita kiasi hubadilika rangi, hupoteza harufu ya asali, na mwishowe huweza kushika moto. Nta ya nyuki huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Ya kuchovya inatakiwa iwe juu kidogo ya hapo, kwenye 70 na kitu. Ikiwa ya baridi mno, itajishika kwenye mshumaa kwa mabonge. Ikiwa ya moto mno, kila unapochovya unayeyusha ulichokijenga, na unaweza kushinda mchana kutwa ukichovya kijiti kisichonenepa. Wenye kipimajoto hukitumia. Wazoefu huangalia ukingo wa chombo: utando mwembamba ukianza kuganda pale pembeni, nta imefika mahali pake.

Utambi hukatwa mrefu na kukunjwa katikati, ukaning'inizwa juu ya ufito ili pande mbili zitoe mishumaa miwili kwa mara moja. Mara ya kwanza unaachwa ndani ya nta mpaka vipovu viishe, yaani mpaka hewa yote iliyomo kwenye nyuzi itoke na nta iingie. Utambi uliobakiwa na unyevu utaadhibu baadaye, kwa kutatarika. Ukitolewa hunyooshwa kwa vidole wakati bado una joto, na wengine hufunga kipande cha chuma chini ili uzito uuvute. Hapo ndipo mshumaa unaponyooka au kupinda. Michovyo yote inayofuata itaheshimu umbo hilo la kwanza.

Halafu ni kusubiri. Unachovya mara moja, bila kusita wala kukawia, unatoa kwa mwendo mmoja, unatundika. Dakika chache. Nta ya juu lazima ipoe lakini isiwe baridi kabisa, kwa sababu tabaka jipya juu ya tabaka lililokauka halishikani vizuri, na mshumaa wa namna hiyo unaweza kuvunjika ukaonyesha pete zake. Mshumaa wa kawaida wa kinara huhitaji michovyo 20, 25, hata 30. Fundi mwenye vifito kumi anapomaliza kuchovya cha kumi, cha kwanza kiko tayari, na kazi inakuwa mzunguko usiokatika. Njiani huviringisha mishumaa juu ya ubao laini ili kuondoa uvimbe, hukata kitako kinachorefuka kwa matone, na mchovyo wa mwisho huufanya katika nta yenye joto zaidi kidogo ili uso ung'ae.

Hapa ndipo mganga na fundi wanapokuwa mtu mmoja. Wapo Wapagani wanaotamka jambo lao kila wanapochovya, neno moja au jina moja, na kunyamaza wakati wa kusubiri. Walimu wao husema nia huingia kwenye mshumaa tabaka kwa tabaka. Siwezi kukupimia nia. Ninachoweza kusema ni kwamba sijui kazi nyingine ya mkono inayokulazimisha kurudi kwenye wazo lile lile mara 25 kwa vipindi vilivyo sawa, huku ikikuadhibu papo hapo ukiharakisha. Wanaochovya mwezi unapokua kwa ajili ya mambo ya kuongezeka, na mwezi unapofifia kwa mambo ya kuondoka, hujipa kalenda pia.

Nimegusa utambi juu juu, nao unastahili zaidi. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 utambi ulikuwa uzi uliosokotwa tu, na ulisimama wima katikati ya mwali usiteketee, ukirefuka na kutoa masizi, hivyo kila baada ya muda mtu alilazimika kuukata kwa mkasi maalumu wenye kisanduku cha kushikia kipande kilichokatika. Mnamo miaka ya 1820 Mfaransa Cambacérès alianza kuusuka. Utambi uliosukwa hujipinda kadiri unavyoungua, ncha yake ikatoka pembeni mwa mwali, mahali penye oksijeni ya kutosha, ikateketea yenyewe. Basi. Tendo dogo la kusuka liliondoa kazi ya mikono mamilioni. Kwa nta ya nyuki, ambayo ni nzito na hupanda kwa shida, mafundi hupendelea msuko wa pembe nne. Ukiwa mwembamba kuliko unene wa mshumaa, mwali huzama katika dimbwi lake. Ukiwa mnene, mwali hurefuka, huchafua dari, na ncha ya utambi huota kichwa cheusi kama uyoga. Kabla ya kuwasha hukatwa ubaki milimita 6 hivi.

Mshumaa ukishakuwa mshumaa, hupambwa kwa kazi. Kwanza huchorwa: jina, alama ya sayari, au maneno katika herufi za Thebes, ambazo Wawika wengi huzipenda na ambazo zilichapishwa na Trithemius, abati wa Kijerumani, katika kitabu chake Polygraphia cha mwaka 1518. Nta ya baridi hubanduka vigamba chini ya sindano, kwa hiyo mshumaa hupashwa kwanza kwa viganja. Mchoro uwe wa kina kidogo tu. Mfereji mrefu wa wima huwa njia ya nta kukimbilia, na mshumaa uliochorwa kwa hamasa huishia umelia upande mmoja.

Kisha unapakwa mafuta. Juu ya hili shule hazielewani: wapo wanaosugua kutoka katikati kwenda kwenye ncha zote mbili, wapo wanaovuta kutoka juu kuja chini kwa jambo la kuletwa na kurudisha kwa jambo la kufukuzwa, wapo wanaofanya kinyume cha hayo na kuapa kwamba ndivyo walivyorithishwa. Ninachokitazama mimi ni kiasi. Mkono mzuri huacha utando wa mafuta usioonekana ila kwa mng'ao. Mkono wa pupa hulowesha, kisha hugaragaza mshumaa kwenye majani makavu ya rosemari mpaka unafanana na mshikaki, na hapo kila kijani kikavu ni utambi wa ziada unaongoja zamu yake. Picha za mishumaa hiyo hupendeza. Usiku ikiwashwa, mwali hupanda ghafla upande mmoja na kinara cha kioo hupasuka. Walimu waangalifu huwaambia wanafunzi wao wayaweke majani sahanini, kuzunguka kinara, wala si mwilini mwa mshumaa.

Halafu kuwasha, na kutazama. Mwanasayansi Michael Faraday aliwahutubia vijana juu ya mshumaa katika Royal Institution ya London, mara ya kwanza mwaka 1848 na tena msimu wa Krismasi wa 1860, na mihadhara hiyo ilipochapishwa ikawa kitabu kinachosomwa hadi leo. Alionyesha kwamba kinachoungua si nta ngumu wala nta ya majimaji. Nta hupanda utambini kama mafuta ya taa kwenye koroboi, hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Aliweka bomba la kioo katika sehemu nyeusi iliyo karibu na utambi, akauvuta mvuke huo nje na kuuwasha mwishoni mwa bomba. Na mwanga wa njano tunaoupenda unatokana na chembe za masizi zinazowaka kwa joto kabla ya kuteketea. Ule moshi mweupe wa mshumaa uliozimwa ni mvuke wa nta uliokosa moto. Ukiusogezea kiberiti kwa juu, moto hushuka kwa njia ya moshi na kuuwasha mshumaa bila njiti kuugusa utambi. Kwa mtu anayeamini kwamba moto una roho, sioni kwa nini maelezo haya yamkere. Yanampa vitu vingi zaidi vya kutazama.

Na kutazama ni nusu ya kazi yake, maana Wapagani husoma mwali. Mwali mrefu tulivu ni dalili njema, unaoyumba ni upinzani, unaotatarika ni mtu anayesema. Wachanga huanza kusoma papo hapo. Ninaowaheshimu huanza kwa kufunga dirisha. Mwali ukiyumba, hutafuta upepo kwanza. Ukitoa masizi, hukagua urefu wa utambi. Ukitatarika, hukumbuka unyevu. Ukizama, hujilaumu kwa utambi waliouchagua. Kinachobaki baada ya hayo yote kuondolewa, kama kipo, ndicho wanachokubali kukisoma. Ni wachache, na kwa kawaida husema kwamba kinachobaki ni kidogo.

Jambo jingine linalosomwa ni muda. Mwaka 893 Asser, askofu na rafiki wa mfalme Alfred wa Wessex, aliandika jinsi mfalme huyo alivyotengenezewa mishumaa sita ya nta iliyopimwa kwa uzito sawa, kila mmoja ukiwa na inchi 12, yote sita ikitosha usiku na mchana. Upepo uliopenya kwenye kuta na mahema uliiharakisha, ikawa haitimizi saa zake, mpaka mfalme akaamuru itengenezwe taa ya mbao na pembe ya ng'ombe iliyochongwa ikawa nyembamba kama kioo. Mishumaa ya Buckland nayo inahitaji usawa huo. Katika baadhi ya ibada zake mshumaa mmoja husimama badala ya mtu na mwingine badala ya anachokitaka, na kila siku husogezwa karibu kidogo mpaka igusane. Kama mmoja unakula nta mara mbili ya mwenzake, siku ya kukutana utabaki kitako kikikutana na nguzo. Anayetaka ibada hiyo ipendeze lazima achovye yote miwili katika chombo kimoja, kwenye ufito mmoja, kwa idadi ile ile ya michovyo.

Ipo na pini. Wasichana wa vijijini Uingereza wa zamani walichoma pini mbili katika mshumaa, zikapita kwenye utambi, wakingoja mwali uzifikie ili mpenzi aje. Kitendo hicho hicho kilitumika kwa mambo yasiyo na mapenzi kabisa. Katika kijiji cha Aldermaston, kila baada ya miaka mitatu, bado hukodishwa shamba la kanisa kwa mnada wa mshumaa: msumari huchomekwa kwenye nta chini kidogo ya utambi, na anayetaja bei ya mwisho kabla haujaanguka ndiye mpangaji. Minada mingine ilisubiri mshumaa uzimike wenyewe. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake ya Septemba 1662 kwamba aliwaona watu wakigombania meli za kuuzwa kwa njia hiyo, na mmoja wao akawa anapata kila mara. Alipoulizwa, yule bwana alieleza kwamba mwali unapokaribia kufa moshi wake hushuka, na hapo ndipo alipokuwa akipaza sauti. Nawapa Wapagani mfano huu kwa furaha, kwa sababu sijapata kusoma uaguzi wa mwali uliolipa vizuri kuliko huo.

Msimu mkuu wa kazi hii ni mwanzo wa Februari. Kanisa hubariki mishumaa ya mwaka tarehe 2, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Krismasi. Wapagani huadhimisha Imbolc tarehe 1 au usiku wa kuamkia, kwa heshima ya Brigid, ambaye kwao ni mungu wa kike wa wahunzi, washairi na waganga, na kwa Waairishi Wakatoliki ni mtakatifu. Gerald wa Wales, aliyeandika katika karne ya 12, alieleza moto wa Kildare uliotunzwa na watawa 19 kwa zamu, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 Brigid mwenyewe aliachiwa zamu. Majivu, alisema, hayakuongezeka. Moto huo ulikuja kuzimwa, na mwaka 1993 masista wanaobeba jina la Brigid wakauwasha tena hapo hapo Kildare. Tangu 2023 Jamhuri ya Ireland ina sikukuu ya taifa kwa ajili yake. Nyumba nyingi za Kipagani hutumia siku hizo kuchovya mishumaa ya mwaka mzima. Janet na Stewart Farrar, katika kitabu chao cha mwaka 1981 juu ya sikukuu nane, waliweka ibada ya taji la mishumaa linalovikwa kichwani mwa mwanamke anayesimama badala ya mungu. Taji hilo ni mtihani wa mchovyaji. Mshumaa usionyooka au wenye utambi mbovu utadondosha matone kwenye nywele za watu, na hakuna nia njema itakayoondoa nta kwenye nywele.

Mabaki nayo yana utaratibu. Vitako vya mishumaa ya kawaida ya madhabahuni hukusanywa, huyeyushwa, huchujwa kwa kitambaa cha pamba ili masizi na nyuzi zilizoungua zibaki, kisha huchanganywa na nta mpya ya Februari inayofuata. Mishumaa iliyofanyiwa jambo maalumu hairudi chunguni. Mshumaa wa kuleta kitu huachwa uwake wote; wa kuondoa kitu, ukibakiza kitako, wengi hukizika mbali na nyumba, wakiamini kwamba ardhi italimaliza jambo. Hapo wanakemia wana la kusema. Wamekuta mabaki ya nta ya nyuki katika vigae vya vyungu vya Anatolia vyenye umri wa karibu miaka 9,000, bado yakitambulika kwa vipimo vyao. Mwenye jambo analotaka lisahaulike haraka, kama ametumia nta nzuri ya nyuki, ni afadhali akae na mshumaa wake mpaka utambi uanguke.